Kipupwe cha Bweranyange: Maua Yanayoingoja Mvua

Msafiri atokaye Bukoba kwa njia ya Kyaka, akapanda milima ya Karagwe hadi Kayanga na kisha kushika barabara ya kuelekea Bweranyange, akifika mwezi wa Julai atadhani ameingia katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Ndani ya vibanja, chini ya migomba, kivuli ni kizito na ardhi ni laini chini ya nyayo. Nje ya vibanja, juu ya migongo ya vilima, nyasi zimekauka zikawa rangi ya simba, vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani la kando ya njia, na kwa mbali moshi wa nyasi zinazoungua hupanda polepole. Mchana jua huwaka katika mbingu isiyo na wingu. Jua likishatua, baridi hushuka upesi, na wazee wanaokwenda kwenye Swala ya Alfajiri huvaa makoti mazito juu ya kanzu zao.

Hiki ndicho kipupwe chetu. Mvua za masika hukoma mwishoni mwa Mei, na za vuli hazitegemewi kabla ya Septemba. Kati yake ipo miezi mitatu ambayo mbingu hufunga. Watu wa mwambao hukijua kipupwe kwa upepo wake wa kusi na ubaridi wake wa kupendeza. Sisi wa nyanda za juu za Kagera tunakijua kwa ukavu. Ni msimu wa kuvuna kahawa, wa kuanika maharage, wa harusi na safari. Ni msimu pia ambao bustani za maua, zilizochanua vizuri mwezi wa Aprili, hugeuka vijiti na vumbi, na wengi huzikatia tamaa na kuziacha mbuzi wamalizie.

Makala hii inahusu maua hayo: namna ya kuyavusha kipupwe yakiwa nje, ardhini, bila paa wala chombo cha ndani, na bila kuwanyang'anya watu maji yao.

Swali lililoletwa katika kikao

Mbele ya msikiti wetu ipo bustani ndogo isiyozidi urefu wa safu mbili za waumini. Ndani yake mna waridi, kana nyekundu na za manjano, dalia, mrehani kando ya mlango, boganvilia juu ya lango, na shina moja la asumini lililoegemea ukuta wa upande wa kina mama. Kina mama ndio walioipanda, na watoto wa madrasa ndio wanaoipalilia. Si bustani ya fahari. Lakini maiti inapoletwa kuswaliwa, wafiwa hukaa kando yake. Na siku ya Idi kila familia hupita hapo kwanza kabla ya kwenda nyumbani.

Kila mwaka kipupwe kinapoingia, swali lile lile huletwa mbele ya kamati, na si swali dogo. Chemchemi iko bondeni. Dumu la lita 20 hupandishwa mlima kwa kichwa, na aghalabu kichwa hicho ni cha mwanamke au cha mtoto. Mwezi wa Julai foleni ya chemchemi huanza kabla ya mapambazuko. Je, ni haki maji hayo yamwagwe juu ya maua?

Mama mmoja aliye mjumbe wa kamati alisema maneno ambayo tuliyaandika katika kumbukumbu za kikao kama alivyoyatamka: "Waitu, maua nayapenda, na waridi lile la mlangoni nililipanda kwa mkono wangu. Lakini sitamtuma mjukuu wangu apande mlima na dumu ili ua linywe, yeye alale bila kuoga."

Mzee aliyekaa karibu na mihirabu akamjibu: "Bibi amesema kweli. Basi tuchague: tuyang'oe, au tujifunze kuyatunza bila dumu la mjukuu wake."

Hakuna aliyetaka kuyang'oa. Kikao kikaamua kwamba hakuna hata kata moja ya maji ya chemchemi itakayokwenda bustanini kati ya Juni na Agosti. Uamuzi huo, ambao kwa sikio la haraka ulifanana na hukumu ya kifo, ndio uliotufundisha kuitunza bustani.

Mji uliozoea wageni

Yafaa msomaji asiyepajua Bweranyange afahamu kwanza ni mahali gani. Hapa palikuwa makao ya Abakama wa Karagwe wa ukoo wa Wahinda. Tarehe 25 Novemba 1861 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika wakielekea kutafuta chanzo cha Mto Naili. Hawakuwa wageni wa kwanza. Waislamu walikwisha kuwatangulia. Mwendo mfupi kutoka ikulu palikuwa na Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa pembe za ndovu waliotoka Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Mmoja wao alikuwa Musa Mzuri, Mhindi aliyetoka Surat. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1876 alimkuta Kafuro mfanyabiashara Hamed Ibrahim, aliyekwisha kuishi Karagwe miaka mingi.

Kwa habari ya maua, mgeni anayetuhusu zaidi ni Grant. Januari 1862 Speke aliendelea na safari ya Buganda akamwacha mwenzake hapa, kwa kuwa mguu wa Grant ulikuwa umeugua vibaya hata hakuweza kutembea. Alikaa kwa Rumanyika hadi Aprili. Mtu huyu alikuwa na desturi ya kukusanya na kuandika habari za mimea kila alipopita, akieleza mahali ilipoota na matumizi yake kwa wenyeji. Mimea ya safari yao ilikuja kuelezwa katika juzuu la Jumuiya ya Linnaeus ya London lililotolewa kati ya 1872 na 1875, na jina la Karagwe limo ndani yake. Hivyo majani na maua ya vilima hivi yaliingia katika vitabu vya elimu ya mimea zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Ipo habari nyingine ya safari hiyo. Wageni hao walipoliona ziwa dogo lililokumbatiwa na vilima karibu na makao ya Omukama, walilipa jina la Windermere, kwa sababu Grant aliliona linafanana na ziwa la jina hilo huko Uingereza. Mfanano wa mandhari ulimpendeza. Lakini kwa mtunza maua, nchi hizo mbili zimetengana mno. Grant alizaliwa Nairn, kaskazini mwa Uskoti, nchi ambayo majira ya baridi huleta theluji na jalidi, na ambako mwenye bustani hujiuliza kila mwaka ni mimea ipi itakayobaki nje na ipi itakayoingizwa ndani. Bweranyange, iliyo karibu na mstari wa ikweta, haijui theluji. Baridi yetu hutokana na mwinuko wa nchi na mbingu tupu: mawingu yanapokosekana, joto la mchana hupaa usiku bila blanketi la kulizuia.

Adui ni mmoja

Hata hivyo, ukichunguza kinachoua maua katika nchi hizo mbili, utastaajabu. Katika nchi za theluji si baridi peke yake inayoua. Mmea wenye majani wakati wote huendelea kupoteza maji kwa jua na upepo hata wakati wa baridi. Ardhi ikiganda, mizizi haiwezi kunywa. Mmea hufa kwa kiu huku umezungukwa na maji yaliyokuwa barafu. Ndiyo sababu watunza bustani wa huko hufunika ardhi kwa majani makavu na nyasi kavu kabla ya jalidi kali, wakakinga upepo, na wakaacha kuipa mimea mbolea ya kuisukuma mwishoni mwa majira ya joto, ili isiingie baridini ikiwa na chipukizi changa.

Hapa Tanzania pia tunao mfano ulio karibu zaidi na huo. Uwanda wa Kitulo, katika nyanda za juu za kusini, uko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake, zikiwemo aina zaidi ya 40 za okidi. Maua hayo huchanua wakati wa mvua. Miezi ya Juni hadi Agosti, jalidi inapoanguka usiku, mgeni akifika huona nyasi tu. Okidi nyingi za ardhini zimejificha katika viazi vyake vidogo chini ya udongo, zimelala. Hakuna anayezimwagilia, hakuna anayezifunika kwa turubai. Zimevuka baridi kwa kupumzika.

Kutokana na mifano hiyo miwili tunapata kanuni moja inayofaa hata kwa kilima chetu. Ua gumu halivuki msimu mbaya kwa kunyweshwa kila siku ili liendelee kuchanua. Linavuka kwa kuandaliwa mapema, kufunikwa ardhi yake, na kuachwa lipumzike. Anayelilazimisha waridi lichanue Julai kwa maji mengi analichosha shina, na anaitia familia yake taabu isiyo na malipo.

Elimu iliyomo kibanjani

Mtu wa Karagwe hana haja ya kwenda mbali kuitafuta elimu hii. Anaiona kila anapotoka mlangoni. Kwa nini kibanja ni kibichi Julai ilhali mlima umekauka? Mvua iliyonyesha ni ile ile, na jua ni lile lile. Tofauti ni kwamba ardhi ya kibanja haiachwi uchi. Majani ya migomba yaliyokatwa, nyasi zilizoletwa kutoka mbugani, mabua ya maharage na samadi ya ng'ombe hutandazwa juu ya udongo mwaka baada ya mwaka. Jua haliugusi udongo, upepo hauunyonyi, na unyevu wa Mei hubaki chini ukisubiri mizizi.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anayeufunika udongo wa migomba yake, akifika kwenye maua yaliyo mbele ya nyumba huufagia ukawa mweupe na mgumu kama sakafu, akiona kwamba huo ndio usafi. Usafi ni jambo la imani, lakini udongo si mkeka. Ufagieni ua na njia. Udongo ulio chini ya maua uacheni na nguo yake.

Namna ya kutandaza ni hii. Kazi ifanywe katika wiki ya mwisho ya mvua, udongo ungali umelowa. Matandazo yakiwekwa juu ya udongo uliokwisha kukauka, huuhifadhi ukavu, na hata manyunyu machache yakija hayafiki chini. Palilia kwanza, kisha tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu pamoja na majani ya migomba yaliyokatwakatwa, kwa kina cha upana wa kiganja. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina, kwa maana shina lililogusana na majani yenye unyevu huoza gome na kukaribisha wadudu.

Magogo ya mgomba uliokwisha kuvunwa nayo hufaa sana, kwa kuwa yamejaa maji. Lakini yapasue na kuyakatakata vipande vidogo. Gogo zima lililolazwa ardhini huwa nyumba ya fukusi wa migomba, na bustani ya maua iliyo karibu na kibanja isije ikawa kitalu cha adui wa chakula. Kamwe usichukue magogo wala majani kutoka kwenye kibanja chenye ugonjwa wa mnyauko. Kagera imeumizwa vya kutosha na ugonjwa huo, na panga lililokata mgomba mgonjwa hupeleka ugonjwa kwenye mgomba mzima. Lipitishe motoni kwanza.

Mambo mawili mengine yaangaliwe. La kwanza ni mchwa, ambao hupenda majani makavu. Fukua kidogo kila wiki utazame. Ukiona njia zao za udongo zinapanda kwenye shina, zivunje na uzungushe majivu ya jikoni. La pili ni moto. Huu ni msimu wa kuungua kwa mbuga, na nyasi zilizotandazwa hushika moto upesi. Acha ukanda mtupu wa hatua mbili kati ya bustani na nyasi za nje, na usitandaze hadi kwenye ukuta wa msikiti au wa nyumba.

Maji yanayofanya kazi mara mbili

Baada ya kukataa maji ya chemchemi, tuliyatazama maji yaliyokuwa yakipita mbele ya macho yetu kila siku: maji ya udhu. Msikiti una tangi linalokinga mvua ya paa. Maji yake hutumika kutawadhia, na yakishatoka kwenye viungo vya waja yalikuwa yakitiririka hadi njiani na kufanya tope.

Maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, hayafai tena kuondolea hadathi, lakini yenyewe ni safi. Hakuna kizuizi kuyapeleka kwenye mmea. Yasichanganywe tu na maji ya chooni, ya istinjai, ambayo lazima yabaki na njia yake ya kwenda shimoni. Jambo hili halina mzaha: mfereji wa udhu na mfereji wa choo visikutane mahali popote.

Kwetu sisi mfereji wa udhu sasa huteremka kwa mwinamo mdogo hadi kwenye shimo dogo lililojazwa kokoto chini na mchanga juu, kisha maji huingia katika pipa lililozikwa nusu na kufunikwa kwa wavu ili mbu wasizaliane. Anayetaka kunawa miguu kwa sabuni huelekezwa mahali pengine, kwani sabuni nyingi huharibu udongo.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Watu 40 wakitawadha kwa lita mbili kila mmoja, Alasiri na Magharibi, hupatikana lita 160, yaani madumu manane. Hata hivyo, lita mbili ni nyingi. Tunafundishwa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika lita moja. Na israfu ya maji imekatazwa hata kwa aliye kandokando ya mto. Basi tusemeni watu hao wapunguze, kila mmoja atumie lita moja. Bado ni madumu manne kwa swala mbili. Shina la waridi lililokomaa na kufunikwa vizuri, kwa baridi ya huku, tumeona hutosheka na nusu ya dumu kwa wiki. Madumu manne yanatosha mashina manane, na wiki ina siku saba. Hakuna anayehitaji kufungua bomba kwa nguvu ili maua yapate. Bustani iliyofunikwa na mja asiyefanya israfu wanaweza kuishi pamoja.

Namna ya kumwagilia nayo ina adabu zake. Afadhali mara moja kwa wiki kwa kina kuliko kila siku kwa kuulowesha uso wa ardhi. Mizizi hufuata maji: ukilowesha juu, hupanda juu, na jua la siku tatu huiua, ukipeleka maji chini, hushuka chini ambako jua haliifikii. Chukua chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, ikate kitako, toboa kifuniko tundu moja dogo, uizike ikiwa imepinduliwa, shubiri moja kutoka kwenye shina. Ijaze jioni baada ya Alasiri. Maji hushuka polepole usiku kucha, na hakuna tone linalopotea kwa jua. Watoto wa madrasa ndio wenye kazi hii, na kila mmoja ana shina lake.

Kazi za kila mwezi

Mwezi wa Aprili na mwanzoni mwa Mei, toa mboji iliyoiva au samadi ya zamani. Baada ya hapo acha. Samadi mbichi ikiwekwa mwishoni mwa Mei huamsha chipukizi laini ambazo hazina nguvu ya kuikabili Julai. Mimea mipya isipandwe tena baada ya katikati ya Aprili, maana inahitaji wiki kadhaa za mvua ili ishushe mizizi.

Juni, ondoa maua yaliyonyauka na matawi yaliyokufa au kuvunjika, lakini usipogoe kwa nguvu. Kila jeraha huita chipukizi, na kila chipukizi hudai maji. Majani ya waridi yakianza kupukutika, usishtuke. Mmea unapunguza midomo.

Julai na Agosti ni miezi ya ulinzi. Vumbi likikaa juu ya majani, utitiri mwekundu huzaliana upande wa chini, na jani huwa na madoadoa ya manjano na utando mwembamba. Nyunyiza maji kidogo chini ya majani asubuhi, na hilo aghalabu hutosha. Upepo ukanao kutoka mlimani ukingwe kwa ua la matete au la matawi. Na mbuzi! Mbuzi wa Agosti hana tofauti kati ya nyasi na waridi. Uzio uwe imara kabla hajafika, si baada ya kuondoka.

Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba, mawingu yanapoanza kukusanyika, ndipo upogoaji mkubwa hufanywa. Kata matawi ya waridi hadi nusu, kwa mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Mvua ya kwanza itakuta macho hayo tayari.

Yanayobaki na yanayokwenda

Si kila ua la kupigania. Marigodi na mengine ya msimu mmoja yamemaliza ajali yake mwezi wa Juni. Kusanya mbegu zake zikiwa kavu, uzihifadhi katika karatasi mahali pasipo na unyevu, na uyaache yaende. Mrehani nao hukonda sana. Chukua mbegu, na ubakize mashina mawili karibu na mahali pa udhu ili harufu yake isiwakose wanaoingia kuswali.

Kana na dalia hulala kama okidi za Kitulo. Majani yakikauka, kata juu kidogo ya ardhi na utandaze juu yake. Matunguu ya kana na viazi vya dalia vina akiba ya kutosha, na kuvimwagilia mno ni kuviozesha. Boganvilia haihitaji huruma. Ukavu kiasi ndio unaoichanuza, na Julai ndiyo rangi pekee mbele ya msikiti. Waridi ndilo lenye kudai sehemu kubwa ya maji ya pipa.

Asumini ni mtoto wa mwambao, na baridi ya kilima chetu haiipendi. Ipandwe upande wa ukuta unaopata jua la mchana, ili usiku ukuta uirudishie joto lililohifadhiwa. Haitachanua Julai kama inavyochanua Zanzibar. Mwombe Mwenyezi Mungu ibaki hai tu.

Kilichoamuliwa

Tumetaja mengi, na msomaji anaweza kuona kwamba hayo yote ni kwa ajili ya vijiti vilivyosimama katika nyasi kavu. Ni kweli. Bustani yetu ya Julai haipendezi. Mgeni mmoja alipoiona alimuuliza muadhini kwa upole kama imetelekezwa. Muadhini alimwonesha jicho la waridi, dogo kama punje ya mtama, jekundu, chini ya gamba la tawi kavu, akamwambia: "Shehe, huyu hajafa. Anasubiri mvua kama sisi."

Kamati imekubaliana juu ya jambo moja zaidi. Septemba hii, matawi yatakayopogolewa hayatatupwa. Yatakatwa vipande vya urefu wa shubiri moja na nusu, na kila familia itakayopenda itapewa viwili vya waridi na tunguu moja la kana, ikapande mbele ya nyumba yake mvua itakapokolea. Sharti ni mawili, nayo yamesomwa mbele ya waumini baada ya Swala ya Ijumaa: udongo ufunikwe kabla ya Juni, na maji ya kumwagilia yawe ni yale yaliyokwisha kufanya kazi nyingine ya halali nyumbani, ya udhu au ya kuoshea nafaka. Bibi wa waridi la mlangoni ndiye atakayegawa, na mjukuu wake ameandikwa wa kwanza katika orodha.